Somo la kwanza la kompyuta lisiwe wizi

Juu ya dirisha la Word kuna ukanda mwekundu. Maneno yake ni ya Kiingereza, na maana yake ni kwamba programu hii haijaidhinishwa. Wanafunzi wote wa kidato cha pili waliobanana mbele ya kompyuta ile wameuona, na wameshauzoea. Mwalimu wa TEHAMA naye ameuzoea, isipokuwa siku programu inapogoma kabisa kuandika. Siku hiyo hutoa flashi mfukoni, huzima kinga ya virusi, hubofya kifaili kidogo chenye jina lisilosomeka, husubiri kama dakika moja, na ukanda mwekundu hutoweka. Darasa zima linamtazama, na waliokaa mbele wameshaikariri njia.

Haya niliyaona katika sekondari moja ya kata ambayo sitaitaja, kwa sababu kosa si la mwalimu yule peke yake. Shule ina kompyuta kumi na nne za mitumba, zilizoletwa na wahisani nyakati tofauti. Bajeti ya leseni haipo, hata ya shilingi moja. Muhtasari wa somo unamtaka afundishe kuandika hati, kupanga majedwali, kutengeneza hifadhidata na kuandaa maonyesho. Kitabu alichonacho kimejaa picha za Microsoft Office, sura hadi sura. Afanyeje? Anafanya alichofundishwa na fundi wa mtaani. Basi kabla mtoto hajajua kukoza herufi, ameshajifunza kuvunja kufuli la mtu, tena darasani, mbele ya ubao, kutoka kwa mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na katika hili tunamlea vibaya ilhali njia nyingine ipo, ni halali, imekuwepo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu yake ilifanyiwa kazi hapa hapa Dar es Salaam.

Tuelewane kwanza juu ya vyombo vyenyewe. Programu za ofisi ni zile za kuandikia barua, kupigia hesabu kwenye majedwali na kuandalia maonyesho ya kuoneshwa ukutani. Iliyoenea kuliko zote ni Microsoft Office, yenye Word, Excel na PowerPoint. Ni programu nzuri, wala sina ugomvi na ubora wake. Toleo la nyumbani la mwaka 2024, lile la kulipia mara moja, lilitoka Marekani kwa dola 149.99 kwa kompyuta moja. Zidisha kwa kompyuta kumi na nne za shule ile, unakaribia dola 2,100. Shule hupata bei nafuu kuliko hiyo, hilo ni kweli, lakini kwa shule isiyo na fungu lolote la leseni, nafuu na ghali ni kitu kimoja.

Upande wa pili kuna LibreOffice, yenye Writer ya kuandikia, Calc ya majedwali, Impress ya maonyesho na Base ya hifadhidata. Ukoo wake unaanzia Ujerumani. Mwaka 1985 kijana wa miaka 16, Marco Börries, alianzisha kampuni ya StarDivision katika mji wa Lüneburg, na humo ikatengenezwa StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani ya Sun Microsystems iliinunua, na Oktoba 2000 Sun ikauweka hadharani msimbo wa programu hiyo ili yeyote ausome, aurekebishe na augawe. Hapo ikazaliwa OpenOffice.org. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010, waandaaji wengi walihofia hatima ya mradi, wakajitenga Septemba ya mwaka huo na kuanzisha LibreOffice chini ya taasisi iliyokuja kusajiliwa Berlin.

Msomaji atasema: kwa hiyo ni ya bure. Ndiyo, lakini neno bure linaficha jambo lililo kubwa zaidi. Waswahili wa kompyuta huiita programu huria, kwa kuwa leseni yake inampa mtumiaji haki ya kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumgawia mwenzake. Kwa shule, haki hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote. Mwalimu anaweza kuinakili kwenye flashi, akampa mwanafunzi, mwanafunzi akaiweka kwenye kompyuta ya mjomba wake, na mjomba akampa jirani. Hakuna aliyeiba. Flashi ile ile iliyokuwa imebeba kraki, yaani programu ya kuvunjia leseni, sasa inabeba kitu halali. Na mtoto anapomaliza kidato cha nne, anaondoka shuleni na chombo alichofundishiwa, kama vile fundi cherehani anavyomaliza mafunzo akiwa na mkasi wake mkononi.

Kuhusu hizo kraki, tusidhani ubaya wake ni wa maadili tu. Programu ya kuvunjia leseni hukuomba kwanza uzime kinga ya virusi, yaani umfungulie mgeni mlango na umfunge mbwa. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wameshakuta ndani yake programu hasidi zinazoiba nywila. Kila aliyefanya kazi kwenye chumba cha kompyuta cha shule anaijua asubuhi ile ambapo makabrasha yote ya kwenye flashi yamegeuka njia za mkato, na ripoti za muhula mzima hazifunguki.

Sasa nije Dar es Salaam. Mwaka 2004, chini ya mradi ulioitwa Kilinux, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wataalamu wa kampuni moja ya Uswidi, kwa ufadhili wa shirika la maendeleo la nchi hiyo, Sida, wakaifasiri OpenOffice.org kwa Kiswahili. Waliiita Jambo OpenOffice. Ilitoka Desemba mwaka huo. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kufungua programu kamili ya ofisi na kukuta menyu zinazozungumza lugha yake. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba inaandaa Windows na Office kwa Kiswahili. Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba programu huria ina faida hata kwa asiyeitumia: ikianza kuitambua lugha yako, mwenye kuuza naye anakutazama.

Kazi ile ilihitaji zaidi ya kufungua kamusi. Ukitaka kumwambia mtumiaji wa Kiswahili kwamba hati yake imehifadhiwa, au kwamba kabrasha halina kitu, lazima kwanza mkubaliane kabrasha ni nini. Faili, kipanya, kabrasha, nywila, kiwambo: maneno haya yalipaswa kubishaniwa, kuchaguliwa na kuandikwa mahali, na mengine mpaka leo yana wapinzani wake. Wapo watakaokwambia puku pale ambapo wengine wanasema kipanya. Nywila na neno la siri vinaendelea kuvutana. Lakini bila watu kukaa chini na kuchagua, mtoto wa Kiswahili angeendelea kuamini kwamba kompyuta ni jambo lisilosemeka kwa lugha ya mama yake.

Jambo OpenOffice haikuenea shuleni, na tusilikwepe hilo. Mwaka 2004 shule zenye kompyuta zilikuwa za kuhesabika. Waliozikaribia kompyuta walikuwa wamefundishwa kwa Kiingereza, na sekondari yetu hufundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo menyu ya Kiswahili ilionekana kama ugeni juu ya ugeni. Hapakuwa na kitabu cha darasani kilichoifuata, wala mtihani ulioitambua, wala semina za walimu. Mtoto alizaliwa akakosa mlezi. Sehemu ya kazi ile ya lugha bado inaishi: LibreOffice ya leo ina tafsiri ya Kiswahili, ingawa haijakamilika, na ina kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili. Mwandishi yeyote anayechoshwa na mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili aijaribu.

Mimi nilijifunza kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika chuo kidogo cha juu ya duka. Cheti changu kiliorodhesha pakeji moja moja: Word, Excel, Access, PowerPoint, Publisher. Nilijua kwamba ili kuweka namba za kurasa unakwenda menyu ya nne kutoka kushoto na kushuka mstari fulani. Nilikariri hivyo kama mtu anavyokariri njia ya kwenda kisimani. Kisha ikaja Office 2007. Menyu zote zikaondolewa, pakawekwa utepe mpana wenye vitufe. Ofisini kwetu watu wazima wenye vyeti walikaa siku kadhaa bila kujua pa kuhifadhi hati. Hatukuwa wajinga. Tulikuwa tumefundishwa mahali pa vitufe, hatukufundishwa kazi. Hakuna aliyetuambia kwamba namba ya ukurasa ni kitu kinachokaa kwenye kijachini, kwamba kila programu ya kuandikia duniani ina kijachini, na kwamba ukilijua hilo utakitafuta kitufe chenyewe mpaka ukione.

Ndiyo maana hoja ninayoisikia mara nyingi kutoka kwa wakuu wa shule na wazazi, kwamba mtoto afundishwe Word na Excel kwa sababu ndizo zilizoko maofisini, inanigusa lakini hainishawishi. Maofisini kweli ziko. Tangazo la kazi litaandika jina la Excel, halitaandika Calc. Lakini mtoto aliye kidato cha kwanza leo ataingia ofisini baada ya miaka saba au minane, na hakuna anayejua dirisha litakuwa na sura gani siku hiyo. Atakachobaki nacho ni uelewa wa kazi.

Tuchukue kazi moja tuione kwa karibu. Mwalimu wa darasa ana wanafunzi tisini na alama zao za mtihani wa muhula, na anataka kila mmoja apate daraja kwa viwango vya kidato cha nne vya Baraza la Mitihani la Tanzania: A kuanzia 75, B kuanzia 65, C kuanzia 45, D kuanzia 30, na chini ya hapo F. Alama ya mwanafunzi wa kwanza iko kwenye chumba B2 cha jedwali. Kwenye chumba cha pembeni anaandika:

=IF(B2>=75,"A",IF(B2>=65,"B",IF(B2>=45,"C",IF(B2>=30,"D","F"))))

Anabonyeza Enter, anaivuta fomula chini mpaka mwanafunzi wa tisini, na madaraja yanajipanga yenyewe. Fomula hiyo ni ile ile, herufi kwa herufi, kwenye Excel na kwenye Calc. Kwa baadhi ya mipangilio ya lugha itabidi mkato uwe nukta-mkato, basi. Kilichomo ndani yake, yaani kuuliza swali moja, na jibu likiwa hapana kuuliza la pili, kisha la tatu, ni mantiki ambayo mtoto ataikuta tena siku akijifunza kuandika programu. Hiyo ndiyo elimu. Jina la kampuni lililo juu ya dirisha halina mchango wowote humo.

Kitu kingine nilikifanya nyumbani na wapwa zangu wawili, na nawasihi walimu wa TEHAMA wakifanye darasani. Andikeni sentensi moja kwenye Writer. Sisi tuliandika kwamba bibi anakuja Jumapili na mbuzi. Hifadhini, nakilini faili hilo, kisha badilisheni herufi za mwisho za jina la ile nakala, kutoka odt ziwe zip. Lifungueni. Ndani mtakuta makabrasha na mafaili kadhaa, na mojawapo linaitwa content.xml. Lifungueni kwa programu ya kawaida ya maandishi, na hapo, katikati ya alama nyingi, yuko bibi na mbuzi wake. Mpwa wangu mdogo alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kama tunaweza kumbadilisha mbuzi awe ng'ombe humo humo. Tulibadilisha, tukarudisha jina, tukafungua tena kwenye Writer, na bibi alikuwa na ng'ombe. Faili la Word la siku hizi nalo linafunguka kwa njia hiyo. Lakini programu huria inakwenda mbele zaidi: si hati yako tu iliyo wazi, hata kiwanda kilichoitengeneza unaruhusiwa kukiingia na kukikagua. Kwa mtoto anayeota kuwa mhandisi, hiyo ni tofauti kati ya kutazama gari kwa nje na kuruhusiwa kufunua boneti.

Nisiwafiche usumbufu uliopo. Mwalimu anatunga mtihani kwenye LibreOffice, anaupeleka steshenari kuprintiwa, na kule unafunguliwa kwa Word ya zamani. Jedwali limehama, picha ya mchoro wa moyo imeangukia ukurasa wa pili, sehemu za hesabu zimekaa ovyo. Anayeumia ni mwalimu, na kesho yake anarudi kwenye kraki. Aya za kawaida hazihami sana, kwa sababu LibreOffice huja na herufi zilizochongwa kwa upana ule ule wa zile za Microsoft: Liberation badala ya Times New Roman na Arial, Carlito badala ya Calibri. Vinavyohama ni majedwali tata, visanduku vya maandishi na fomula. Dawa yake ni ndogo: mtihani unaokwenda kuprintiwa utolewe kwa PDF, na kitufe chake kipo juu kabisa kwenye Writer. PDF inafunguka steshenari yoyote ikiwa vile vile ilivyotoka. Katibu muhtasi wa shule akishaijua hiyo, malalamiko mengi yanakwisha.

Yapo pia mambo ambayo Office inayafanya vizuri zaidi. Mhasibu mwenye faili la Excel lenye makro za miaka kumi asidanganywe kwamba litahamia Calc bila jasho. Base haijafikia wepesi wa Access kwa mwalimu anayeanza hifadhidata. Ofisi ya bursa inaweza kuhitaji leseni moja halali ya Excel, na inunuliwe. Ninachokataa ni kulichukua hitaji la mhasibu mmoja na kulifanya sheria kwa watoto mia sita.

Kuna jibu jingine linalotolewa siku hizi: kwamba Microsoft inazipa shule zilizothibitishwa Office ya mtandaoni bila malipo, na Google nayo inatoa Docs na Sheets. Ni kweli, na shule yenye intaneti ya uhakika inaweza kunufaika nayo sana, hasa wanafunzi wanapoandika hati moja kwa pamoja. Lakini shule niliyoieleza hapo juu inatumia bando la simu ya mwalimu. Umeme ukirudi saa nane mchana na bando limekwisha, Office ya mtandaoni haipo. Halafu akaunti ile ni ya shule, si ya mtoto. Siku akiondoka, nayo ikifungwa, kazi zake zinabaki upande wa pili wa mlango. Hata Ufaransa, ambako bando si tatizo, wizara ya elimu ilieleza Novemba 2022 kwamba matoleo hayo ya bure ya Microsoft na Google hayapaswi kutumika shuleni, kwa hoja za sheria ya faragha na za taratibu za ununuzi wa umma.

Namibia walishaiona mapema gharama ya zawadi za namna hii. Shirika la SchoolNet Namibia, lililoanzishwa mwaka 2000 kuziunganisha shule na intaneti, lilijenga vyumba vyake vya kompyuta kwa mashine za mitumba zilizotegemea seva moja yenye Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Mwaka 2002 Microsoft ilijitolea kulipatia leseni za Office bila malipo kwa ajili ya mradi mdogo wa kompyuta mpakato. Mkurugenzi wake, Joris Komen, alikaa na kalamu. Office ni bure, sawa. Lakini Office haikai hewani, inahitaji Windows, na Windows ilikuwa ya kununuliwa kwa fedha nyingi kuliko thamani ya zawadi yenyewe. Aliikataa, na akaeleza sababu zake hadharani. Ninapenda kisa hiki kwa sababu hakikuanza na itikadi. Kilianza na mtu aliyepiga hesabu ya zawadi mpaka mstari wa mwisho, jambo ambalo kamati zetu za shule hazilifanyi pale picha za makabidhiano zinapopigwa.

Jirani yake Afrika Kusini alipita njia nyingine. Mwaka huo huo wa 2002 ilitangazwa kwamba Microsoft itatoa programu zake bure kwa shule zote za serikali, zaidi ya 32,000. Mwaka 2013 idara ya elimu ya msingi ya nchi hiyo ilitoa waraka uliotaka somo la matumizi ya kompyuta lifundishwe na kupimwa kwa Microsoft Office. Shule zilizokuwa zikifundishia programu huria zikalazimika kugeuka. Hiyo ndiyo nchi ya Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, na ndiyo nchi ambayo wanaharakati wake wa lugha walikuwa wamekwisha kuifasiri OpenOffice kwa lugha rasmi zote kumi na moja za wakati huo. Kwa waraka mmoja juhudi hizo zilifungiwa mlango wa darasa. Mtihani una nguvu kuliko bajeti.

Waliofanikiwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni jimbo la Kerala kusini mwa India. Mradi wao wa IT@School ulianza mwaka 2001, na mwanzoni ulifuata bidhaa za Microsoft kama wengine. Walimu wakapinga. Hatua kwa hatua serikali ya jimbo ikahamia Linux na programu huria, lakini haikuishia kubadilisha programu. Iliwafundisha walimu kwanza, ikaandika vitabu vyake kwa kufuata programu hizo, ikautunga mtihani wa vitendo uendane navyo, na ikahakikisha mtoto anaweza kuandika Kimalayalam, lugha ya nyumbani kwao. Mwaka 2017 mradi ukawa kampuni ya serikali iitwayo KITE. Mwaka 2019 KITE ilitoa toleo jipya la mfumo wake kwa kompyuta zaidi ya 200,000 za shule, ikakadiria kwamba jimbo limeokoa rupia bilioni 30 za leseni. Hesabu hiyo imepigwa na wao wenyewe kwa bei za kununua, kwa hiyo ichukuliwe kwa tahadhari. Lakini hata ukiikata nusu, ni fedha zilizobaki mikononi mwa waliozihitaji.

Linganisha na Jambo OpenOffice uone kilichotukosesha. Sisi tulikuwa na programu, na ilikuwa kwa Kiswahili kabisa. Wao walikuwa na programu, mwalimu, kitabu na mtihani.

Kenya wako nusu ya njia bila kujua. Karatasi ya vitendo ya somo la kompyuta katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kwa kawaida humtaka mtahiniwa atumie programu ya kuandikia au programu ya lahajedwali, bila kumtajia kampuni. Mlango uko wazi. Kinachoufunga ni vitabu, ambavyo picha na hatua zake zote ni za Microsoft, hivyo mwalimu anayetaka kutumia LibreOffice anafundisha huku akitafsiri ukurasa kwa ukurasa. Mwandishi wa kitabu akiamua kueleza kazi kwanza, halafu akaonesha picha mbili sambamba, moja ya Word na moja ya Writer, suala limekwisha.

Na muda wa kuamua umeshatufikia. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na siku hiyo hiyo kwa Office 2016 na Office 2019. Kompyuta nyingi za mitumba zilizoko katika shule zetu hazina vifaa vinavyotakiwa na Windows 11. Kwa hiyo shule itanunua mashine mpya, au itaendelea na mfumo usiozibwa matundu, au itaweka Linux pamoja na LibreOffice na kuzitumia mashine zile zile kwa miaka mingine kadhaa. Shule ya kata yenye kompyuta kumi na nne za msaada haina fedha za njia ya kwanza, na ya pili inawahatarisha watoto.

Kwa Taasisi ya Elimu na Baraza la Mitihani la hapa kwetu, ombi langu ni moja: kila mahali penye jina la bidhaa katika muhtasari, kitabu na mtihani wa kompyuta, liandikwe jina la kazi. Hilo halihitaji bajeti.

Kwako mwalimu mkuu, usisubiri waraka. Faili la kusimika LibreOffice lina ukubwa wa megabaiti 350 hivi, na linapakuliwa mara moja tu kwa kompyuta zote. Mwombe mwalimu wa TEHAMA alipakue mwisho huu wa wiki, aliweke kwenye flashi, aanze na kompyuta mbili za nyuma darasani na ile ya katibu muhtasi. Kisha awagawie wanafunzi wote wenye flashi walibebe kwenda nalo nyumbani.